Mama Rudia na Benchi la Wodi ya Nne

Kabla sijamsifu mtu, nianze na wewe, Katibu wa Hospitali, uliyeagiza benchi la mlango wa wodi ya nne liondolewe ili hapo iwekwe runinga ya matangazo. Huna haya? Mwenye benchi yupo kazini mpaka Ijumaa, tarehe 28, na mbao hizo amezikalia miaka thelathini na mmoja. Ungengoja basi hata soda za kumuaga zifunguliwe.

Anayestaafu ni muuguzi wa wodi ya nne, sote tunamwita Mama Rudia. Nimeambiwa niandike kwa adabu kwa kuwa hili ni jarida la wafanyakazi. Mimi ni mfagizi wa wodi hiyo, shule niliishia darasa la tatu, na adabu nitaitafuta nikimaliza.

Jina hilo alilifanyia kazi. Mgonjwa akipata ruhusa ya kwenda nyumbani, wengine humpa karatasi na kumwambia haya, nenda salama. Mama Rudia humkalisha benchini arudie kwa kinywa chake mwenyewe: kidonge kipi asubuhi, kipi jioni, tarehe gani aje kuonwa, na dalili gani akiiona asingoje tarehe. Akikosea, anaanza upya. Kuna mwalimu mkuu alianzishwa mara nne, mzima mzima, na tai yake shingoni.

Tena hatoki mtu mpaka jamaa zake walete mfuko wa dawa za zamani zilizobaki nyumbani. Mfuko unamwagwa hapo hapo. Yaliyodondoka nimeyafagia mimi: vifungo vya shati, betri za redio, vidonge vya jirani aliyekwisha kuzikwa. Fundi mmoja wa saa, mgonjwa wa moyo, alilazwa mara tatu ndani ya miezi miwili, na kila mara madaktari walikuna vichwa na kumwongezea dawa. Mama Rudia akamwaga mfuko. Kumbe dawa ile ile alikuwa nayo nyumbani kwenye pakiti nyekundu, na hapa akapewa kwenye pakiti nyeupe. Alimeza zote mbili kwa uaminifu, maana mkewe alimwambia, "Baba watoto, cha daktari usibague." Hajalazwa tena.

Wakubwa walisema Mama Rudia anachelewesha vitanda. Kila mwaka wanampongeza daktari anayetoa ruhusa nyingi kabla ya saa nne asubuhi. Wagonjwa wake wakirudi baada ya siku tano wanaandikwa wapya, na mkutanoni tunaambiwa wananchi wanazidi kutuamini.

Mwaka jana ikaja semina ya siku tano, hotelini, ya kuzuia wagonjwa kurudi pasipo lazima. Wakamtuma nani? Mama Rudia! Benchi likakaa tupu. Wiki iliyofuata walirudi watu tisa, mmoja na bandeji ile ile tuliyomfunga, imekwisha kubadilika rangi. Yeye akarudi na begi, kalamu, na cheti cha kuthibitisha kwamba sasa anajua kuwauliza wagonjwa. Cheti alikikunja akakitia chini ya mguu mfupi wa benchi. Tangu hapo halitikisiki.

Msidhani alikuwa na upendeleo. Mume wangu alipopata ruhusa nilijua shoga yangu atanipitisha. Wapi! Alinikalisha. Dawa ya kupunguza maji mwilini nikasema ni ya wakati wa kulala. Mbele za watu akaniambia, "Bibi, unataka babu ahamie chooni? Rudia!" Nilinuna siku mbili. Babu huu mwaka wa tatu yuko nyumbani, ananisumbua kuhusu chai.

Shoga, ahsante. Nenda ukanyooshe miguu, ulale mpaka uchoke kulala, uishi vizuri na wanao. Na dawa zako za presha nitakuja kukusikiliza ukizitaja moja moja.

Nanyi mliobaki, runinga irudi stoo. Jumatatu saa mbili asubuhi kitanda namba sita anapata ruhusa, yule mama wa kisukari anayeishi peke yake, ambaye amekwisha kurudi kwetu mara mbili. Muuguzi wa zamu, wewe unayependa kuegemea ukuta, kaa kwenye benchi, mwaga mfuko wake, na asivuke mlango mpaka arudie yote bila kukosea. Nitakuwa nafagia hapo hapo.