Jina la Kwanza Kwenye Kibao cha Ngitiri

Kijiwe cha Mzee Amosi kipo katika senta ya Mwasabi, pale njia ya ng'ombe inapoikata barabara ya vumbi itokayo Kahama kuelekea migodi ya Geita. Kina benchi moja refu lililoundwa kwa magogo yaliyokataliwa mgodini, jiko la mkaa, birika na sahani ya kashata. Jumamosi ile ya mwezi Machi mambo yalikwenda kwa mfuatano huu. Saa tatu na nusu Amosi aliwasha mkaa, nami, mteja wake wa kila siku, nikakaa mwisho wa benchi. Saa nne kamili alifika Stanslaus, mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ambaye tunamwita Karasha kwa ajili ya mashine hiyo na pia kwa sababu hakuna habari inayoingia kinywani mwake ikatoka nzima. Saa nne na dakika kumi alifika Nasibu, muuza viatu kutoka Tabora, aitwaye Daktari kwa kuwa hakosi kipindi cha afya redioni, ingawa husinzia kabla hakijaisha. Wa mwisho alikuwa Masele, aitwaye Muasisi. Siku hiyo, saa tisa alasiri, dagashida, yaani mkutano wa jadi wa kijiji kizima, ulikuwa uamue jina la nani liandikwe kwenye kibao cha ngitiri yetu kama mwanzilishi. Ngitiri ni lile eneo la nyasi na miti upande wa kaskazini, ambalo hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza, na ng'ombe akikutwa humo kabla ya wakati, mwenye ng'ombe hutengwa na wenzake mpaka ajisafishe. Majina yaliyopendekezwa yalikuwa mawili, la Donatus na la Masele. Fundi rangi alikuwa ameshaandika mengine yote, akaacha nafasi moja tupu.

– Mashahidi wangu, alisema Masele kabla hajakaa, saa tisa mtasimama wote wanne. Mtasema aliyetamka kwanza ni mimi. Hapahapa, miaka minane iliyopita.

– Ulitamka nini vile? Karasha akauliza.

– We Karasha! Nilisema tukiendelea kukata miti tuuze magogo mgodini, ng'ombe wetu watakula kokoto. Nikasema tufunge kaskazini kule, kama walivyofunga babu zetu.

– Alisema, Amosi akaitikia huku akimimina. Ilikuwa Jumatatu.

– Umeona! Mzee Amosi ana kumbukumbu.

– Alhamisi yake Donatus akaja hapa, akakuuliza mnaanza lini. Ukamwambia watangulie wengine kwanza.

– Hiyo Alhamisi, mzee wangu, si lazima uipeleke kwenye mkutano.

Masele alipokea kikombe, akaonja, akakirudisha.

– Niongezee kashata.

– Ya tatu hiyo na hujakaa, alisema Daktari. Redioni wamesema sukari ni adui mtamu.

– Ningekula wapi? Kwangu sukari imehamishwa! Mama Sesilia ameifungia sandukuni pamoja na kitenge cha harusi. Asubuhi naletewa michembe mikavu, mchana mlenda, jioni mlenda dada yake. Nikiuliza, naambiwa, "Baba Januari anasema tafuna polepole, kisikilize chakula." Nikisikilize! Sasa viazi vikavu vinazungumza nini na mtu mzima?

Baba Januari ndiye huyo Donatus. Ni lazima nieleze, kwa wasiomjua, kwamba hatua zake zilifuatana hivi. Kwanza alipunguza ng'ombe wake wakabaki wanne, akawafunga zizini na kuwakatia majani. Pili alipanda miti ya mihale na mikesha kuzunguka mpaka wa ngitiri. Tatu, mwaka wa tano, kisima cha bondeni kilirudisha maji, na kwale wakasikika tena. Nne aliacha sigara, kisha sukari. Tano alianza kuuzunguka mpaka kwa miguu kila alfajiri ila Jumamosi, na akimaliza hukaa chini robo saa, macho yamefumbwa, akiangalia pumzi yake inavyoingia na kutoka. Wanaomfuata sasa ni ishirini na sita. Mke wa Masele ni wa saba kujiunga.

– Miaka sitini na moja, alisema Karasha, na kitambi hana. Hilo tu halikushangazi, Daktari?

– Linanitia mashaka. Mtu akipungua hivyo bila kuumwa, redioni walisema ni dalili ya...

– Ya nini?

– Hapo ndipo niliposinzia.

– Mimi nasema ni ubaya, Karasha akakaza sauti. Wahenga wamemaliza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nani hapa kijijini anajitembeza kila alfajiri? Ni yeye!

– Hapo umegonga msumari, ngosha, alisema Masele, na uso wake ukapata nuru kidogo.

– Si hivyo, Daktari akapinga. Mnaangalia miguu, tazameni pua. Kuna watu ng'ambo huko wananunua hewa ya miti. Hiyo nilisikia mwanzo mpaka mwisho. Sasa jiulizeni, kwa nini anawakalisha watu ishirini na sita wanavuta pumzi ndefu, wanashika, wanaachia?

– Kwa nini?

– Wanaonja bidhaa kabla haijasafirishwa.

– Ina maana mke wangu ananusishwa hewa kila alfajiri kama mtu anayeonja pombe ya mtama?

– Haba na haba hujaza kibaba, Baba Sesilia. Pumzi kwa pumzi, gunia linajaa.

– Amosi, unasikia? Hewa ile niliisema mimi!

– Hewa hukuisema, alijibu Amosi. Ulisema miti.

– Na miti inatoa nini? Kashata?

Karasha alikuwa amekwisha kusimama. Alisogea karibu, kama afanyavyo kila anapotaka kusaga jambo kubwa, akainama juu ya jiko.

– Acheni hewa. Mimi miaka kumi na minne nasaga mawe. Mtu mwenye akili zake hakai robo saa bila kusema neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo gani? Baruti! Yule anasikiliza mwamba. Mwamba wenye dhahabu huwa unanguruma chini kwa chini, wanaapolo, wale wachimbaji wadogo wa zamani, waliusikia kwa kulaza sikio. Yeye ameweka miti iwe pazia, ameweka sheria ng'ombe wasipite wasije wakatumbukia shimoni, na wale mama zetu wamekaa duara...

– Duara la kuchimba? Daktari akashtuka.

– Wamekaa mduara juu ya mdomo wa shimo! Wanaufunika kwa khanga.

Kila mmoja akaziwaza khanga ishirini na sita.

– Basi kama kuna dhahabu, alisema Masele taratibu, hiyo nayo mwanzilishi ni mimi. Maana bila neno langu asingekwenda kule.

Hapo Daktari alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kiatu cha biashara. Masele hakucheka. Alishika kikombe kitupu, akakizungusha kiganjani.

– Ninyi chekeni. Mimi na Donatus tumechunga pamoja tangu hatujavaa suruali. Mimi ndiye niliyemfundisha kutega kwale. Leo wageni wakija kutoka halmashauri wanaulizia kwa Baba Januari. Watoto wa shule wanapelekwa kwa Baba Januari. Mke wangu, nikikohoa, ananiambia nikatembee na Baba Januari. Angalau angekuwa ananicheka! Mtu akikucheka unajua umfanye nini. Yeye kila siku akipita hapa, "Mwangaluka, nkoi wane," rafiki yangu, eti habari za asubuhi, na mkono ananipa.

– Sasa kosa liko wapi? aliuliza Amosi.

– Ndilo hilo. Sijaliona. Miaka minane nalitafuta.

Karasha alikaa. Amosi alichochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

– Ninachotaka ni jina tu, Masele akaendelea. Mstari mmoja wa rangi. Nikifa wajukuu wapite waseme, kumbe ni babu.

– Utalipata, alisema Karasha. Mimi nitasimama. Asiyekuwepo na lake halipo, na Donatus hapa hayupo.

– Na mimi nitasimama, alisema Daktari, ila nisisemeshwe mambo ya Alhamisi.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano pikipiki ilipoegeshwa kando ya benchi. Alishuka msichana aliyevaa buti za mpira na koti la kijani, na nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga sanduku la barafu la kutunzia chanjo. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona.

– Shikamooni, wazee wangu.

– Marahaba, binti. Karibu kahawa.

– Ahsanteni, nitashukuru maji. Naitwa Violeth, ni afisa mifugo mpya wa halmashauri. Nachanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa chambavu na kuwavika hereni za utambulisho. Kijiji cha jirani wamekufa kumi na mmoja wiki hii, hamkusikia? Mwasabi nimepewa leo tu. Kesho nahamia kata nyingine, na sijui kama nitarudi kabla ya mwezi wa tano.

Amosi alimpa maji. Akanywa akiwa amesimama, kisha akatoa kishikwambi na kukifuta vumbi kwa kiwiko.

– Nimebakiza jina moja. Mzee Masele ni yupi?

– Ndiye mimi, mwanangu.

– Nimefika kwako, Mama ameniambia nikufuate hapa. Zizi nimelikuta wazi. Ng'ombe wako nitawapata wapi, baba?

Swali lilikuwa jepesi, na mtu yeyote katika nchi yetu angelijibu akiwa usingizini. Lakini naomba msomaji aupime mwezi wenyewe. Machi, mashamba yote ya mashariki yana mpunga na mahindi. Magharibi ni vifusi vya mgodini, hakuoti kitu. Kusini ni barabara. Sote wanne pale kijiweni tulijua kwamba Masele ana ng'ombe thelathini na saba, na tulijua ni upande gani walielekezwa kabla jogoo hajawika, kwa sababu wamekuwa wakielekezwa huko karibu kila Jumamosi, siku ambayo Donatus huenda mnadani na kuchelewa kurudi. Hatukuwahi kulisema. Masele ni mwenzetu.

– Wako... alianza Karasha, akakwama.

– Malishoni, alisaidia Daktari.

– Malisho gani? Nina pikipiki, nitafika dakika tano.

Masele alimtazama Karasha, akamtazama Daktari, kisha akamtazama Amosi aliyekuwa na kumbukumbu.

– Andika sina ng'ombe.

Ninamfahamu mtu aliyenyimwa mke kwa kusema maneno hayo. Ninamfahamu mwingine aliyeyasema siku ya msiba wake mkubwa, huku analia. Sijawahi kuona Msukuma mwenye ng'ombe thelathini na saba akiyasema mchana kweupe, kashata mkononi. Karasha, ambaye hakuna kitu kimewahi kumshinda kusaga, aliinama akafunga kamba za kiatu.

– Huna hata mmoja? Violeth alihakikisha.

– Hata mmoja.

– Basi sawa, baba. Naweka sifuri.

Akabonyeza. Akafunga kishikwambi, akarudisha kikombe cha maji kwa mikono miwili, akashukuru. Alikuwa ameshapanda pikipiki alipokumbuka jambo.

– Samahani, kuna ujumbe nilitaka kuusahau. Nimepita ngitirini kwa yule mzee wa miti, Baba Januari. Leo hakwenda mnadani.

– Hakwenda? alisema Masele.

– Hakwenda. Kuna kundi la ng'ombe amelikuta mle asubuhi. Nilidhani atapiga yowe, nikamkuta amewapeleka kivulini, amewanywesha kisimani, amekaa nao kimya tu. Nikamuuliza ni wa nani, hakutaka kumtaja mtu. Aliniambia, "Pita kijiweni kwa Amosi. Mwenyewe akijitokeza kabla ya saa tisa, wachanje, awaondoe kwa njia ya bondeni, na mimi leo sikuona kitu." Tena akasema mkutanoni yeye hatagombea jina. Anasema aliyelitamka kwanza yupo na anamjua.

Amosi alishusha birika chini.

– Na asipojitokeza? aliuliza Daktari, kwa sauti ndogo ambayo hatukuizoea.

– Amesema watakuwa hawana mwenyewe, itabidi awapeleke mkutanoni, wazee waamue.

Violeth aliwasha pikipiki. Alingoja, mguu mmoja chini, akitutazama mmoja baada ya mwingine kwa uso usio na hila yoyote, akianzia kwa Karasha na kuishia kwa Masele.

– Kwa hiyo nikamwambie ni wa nani?

Masele alifumbua kinywa. Nilikuwa karibu naye kuliko wote, na nina hakika kwamba neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi. Kisha akageuza macho kaskazini, kule ambako mtu mmoja alikuwa amekaa kivulini na ng'ombe thelathini na saba, ametulia, hana haraka, na yuko tayari kumpa hata jina. Nikaona uso wa Masele ukikunjamana, kama wa mtu anayepewa sadaka na yule asiyetaka kumshukuru, na neno likamezwa.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Mpaka saa tisa zilibaki saa tatu na dakika ishirini, na pikipiki ilikuwa ikinguruma.