Namba Fupi ya Mjomba

Mpwa: Haloo? Nani mwenzangu?

Mjomba: Nani mwenzako? Tangu lini? Kwani jina langu halitokei hapo kwenye simu yako?

Mpwa: Linatokea. Ila leo lina neno jingine mbele yake. Shikamoo, mjomba.

Mjomba: Marahaba. Na ukiwa kazini niite Mkurugenzi, sijui niseme mara ngapi. Sikiliza, niko hapa getini. Nimeweka kadi, geti limeguna tu, halifunguki. Mlinzi ananiangalia kama kaona mzuka. Hebu—

Mpwa: Amekwambia nini?

Mjomba: Ati, mzee, mimi nakuona, ila mashine inasema umefariki, na sisi agizo letu ni kufuata mashine.

Mpwa: Agizo la nani?

Mjomba: Langu. Usinichokoze. Nyinyi watu wa kompyuta mmefanya nini huko?

Mpwa: Mjomba, unaikumbuka ile namba fupi?

Mjomba: Namba gani? Unakwaruza, sogea dirishani.

Mpwa: Nasema namba fupi. Ya kwenye saraka ya kompyuta, ile yenye majina ya wafanyakazi, simu zao na vyeo vyao.

Mjomba: Naikumbuka vizuri sana. Ulitaka cheo changu kiwe na namba ndefu kama mkia, wakati maegesho ya baiskeli yana fupi.

Mpwa: Nilikueleza kwamba urefu wa namba si heshima, ni ukoo. Kila nukta ni kizazi. Shirika letu limepewa namba na walio juu yake. Shirika likaongeza yake mwishoni, likaipa idara. Idara nayo ikaongeza yake, ikazaa nyingine. Ukiisoma toka mwanzo unajua huyu katoka kwa nani, na hamna anayefanana na mwenzake. Sasa kuwa na nukta nyingi si—

Mjomba: Ulinieleza, nikakwambia mkurugenzi hawezi kuwa kitukuu. Ukanipa fupi, yakaisha.

Mpwa: Sikukupa. Uliichukua. Zote za tarakimu moja zilikuwa na wenyewe, isipokuwa moja tuliyoacha kuitumia zamani.

Mjomba: Si ndiyo hiyo. Ilikuwa imekaa bure.

Mpwa: Haikukaa bure, ilikuwa imestaafu. Namba ikishatolewa hapewi mwingine, hata kama mwenyewe kaondoka, maana mashine nyingine bado zinamkumbuka yule wa kwanza. Nililisema hilo. Ukaniuliza kati yetu nani mkurugenzi.

Mjomba: Na wa kwanza alikuwa nani?

Mpwa: Wa kwanza alikuwa...

Mjomba: Haloo? Upo?

Mpwa: Nipo. Hakuwa mtu, ilikuwa namba ya neno Marehemu, la mtumishi aliyefariki.

Mjomba: Marehemu? Lakini mimi ni Mkurugenzi.

Mpwa: Hapa kwetu tulifuta neno tu, tukaandika Mkurugenzi. Lakini geti halisomi neno, mjomba, linasoma namba. Mashine ya simu nayo hivyohivyo. Na ile inayotuma rambirambi.

Mjomba: Zimetumwa?

Mpwa: Asubuhi. Kwa wote.

Mjomba: Nenda kwa naibu wangu sasa hivi, umwambie niko getini, mzima wa afya.

Mpwa: Ndiko nilikotoka. Amesema amefarijika mno kusikia, ila tusubiri taarifa rasmi, na taarifa rasmi ni ya kompyuta. Wajumbe wa bodi wameshaketi, wanataka kumthibitisha ashike nafasi yako.

Mjomba: Alikuwa anaongea na wewe akiwa wapi?

Mpwa: Kwenye kiti chako. Anasema hataki kipoe.

Mjomba: Mwanaharamu. Na... na watu wengine? Wamezipokeaje?

Mpwa: Wamezipokea.

Mjomba: Wamelia?

Mpwa: Mtandao unakwaruza, mjomba.

Mjomba: Mbona mimi nakupata vizuri.

Mpwa: Walisimama kimya dakika moja.

Mjomba: Afadhali.

Mpwa: Haikutimia. Chai ilifika.

Mjomba: Na hicho kicheko huko nyuma yako?

Mpwa: Ni huzuni hiyo. Kila mtu na yake.

Mjomba: Basi nirudishe. Sasa hivi, kabla bodi haijapiga kura.

Mpwa: Naweza, ila si kwa namba hii. Lazima upewe mpya, ndefu, chini ya watumishi wote, baada ya maegesho. Na saraka haibadilishwi bila mkurugenzi kutamka mwenyewe. Ni agizo—

Mjomba: Langu, najua. Hakuna fupi nyingine hata moja?

Mpwa: Mjomba, ama ubaki marehemu na fupi yako, ama uishi na ndefu.

Mjomba: Ngoja nifikirie.

Mpwa: Unafikiria?

Mjomba: Si jambo dogo. Nimekaa chini ya watu maisha yangu yote, mpaka—

Mpwa: Fikiria upesi basi. Hiyo simu uliyoshika ni ya ofisi, na simu za marehemu hufungwa. Halafu kuna mtu mwingine katumiwa rambirambi. Yule uliyemjaza kwenye saraka kuwa ndugu yako wa karibu.

Mjomba: Nilimjaza nani? Sikumbuki.

Mpwa: Unakumbuka, mjomba. Mama yangu.

Mjomba: Mimi na mama yako hatusemezani tangu tugawane ile nyumba.

Mpwa: Najua. Ndiyo maana nilipoliona jina lake pale nilishangaa. Amenipigia. Huko hakukuwa na chai, mjomba.

Mjomba: Amesema nini?

Mpwa: Analia tu. Nimemwambia u mzima, anadhani namtuliza. Anarudia palepale, kwamba yeye ndiye aliyekubeba mgongoni, na kwamba wamemchukulia kitindamimba wake.

Mjomba: Kasema wake?

Mpwa: Wake.

Mjomba: Niweke.

Mpwa: Wapi?

Mjomba: Huko chini. Tia nukta zote unazotaka. Niweke mwisho kabisa, ndipo nilipozaliwa.

Mpwa: Hiyo ni ruhusa?

Mjomba: Ni ruhusa, fanya.

Mpwa: Nimefanya. Jaribu kadi.

Mjomba: Ngoja... Limefunguka. Mlinzi ananipigia saluti, eti karibu tena mzee.

Mpwa: Basi ingia, panda huku haraka, bodi—

Mjomba: Bodi ingoje. Hii simu imepona?

Mpwa: Bado. Mashine ya simu huwa ya mwisho kupata habari. Wanaweza kuifunga wakati wowote.

Mjomba: Basi tukate, nimpigie mama yako. Nimwambie nini?

Mpwa: Mwambie ni wewe.

Mjomba: Ataniuliza, wewe nani?

Mpwa: Hapo ndipo usije ukasema Mkurugenzi.

Mjomba: Haya. Haya, kwaheri. Ngoja, usikate! Namba yake.

Mpwa: Huna?

Mjomba: Niliifuta.

Mpwa: Ni ileile, mjomba. Miaka yote hii kakataa kuibadilisha, anasema kuna mtu atapotea njia. Andika. Sifuri— haloo? Mjomba? Haloo? Panda, utapiga kwa yangu. Mjomba?