Koti la Kijani la Bibi Alvina

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja leo, Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024, naitwa Corinna, mtoto wa pili wa Dwight Merrithew, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya bibi yangu. Tarehe zote nimezihakiki, na pale ambapo karatasi zilipingana na kumbukumbu ya Bibi nimefuata karatasi, isipokuwa mahali pamoja nitakapopataja.

Marehemu Alvina Ruth Merrithew alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 14 Machi 1939, hapa hapa Sabin Mills, Maine, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa mzee Harlan Cobb, mkata magogo, na mkewe Edith. Alisoma shule ya msingi ya mjini kuanzia mwaka 1945, akamaliza sekondari mwezi Juni 1957, na mwezi uliofuata aliajiriwa katika kiwanda cha sufu, chumba cha ukaguzi, ambako kwa miaka kumi na sita kazi yake ilikuwa kupitisha kitambaa mbele ya taa na kutafuta uzi uliokosea njia, hadi kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Novemba 1973.

Alifunga ndoa na babu yangu, Everett Merrithew, fundi bomba, Jumamosi tarehe 21 Juni 1958, katika kanisa hili, na walijaliwa watoto wawili, Dwight na Roberta, ambao wote wapo hapa.

Mwezi Januari 1962 mama yake Bibi alifariki na kuacha koti la sufu la kijivu ambalo hakuna dada aliyelitaka, na Bibi, badala ya kulitupa, alilikata vipande vyembamba, akavisuka vitatu vitatu kama nywele, akauzungusha msuko huo na kuushona kando kwa kando, na huo ndio ukawa moyo wa zulia lililopo sebuleni kwake mpaka leo. Tangu hapo kila aliyefariki katika ukoo wetu akiwa na koti la sufu aliingia kwenye zulia, mzunguko juu ya mzunguko, na mabaki ya kiwandani yakijaza katikati. Babu Everett, aliyefariki tarehe 8 Oktoba 1996, ni ule mkanda mwekundu na mweusi, koti lake la kuwindia. Zulia sasa lina futi tisa kwa kumi na mbili, na wengi wenu mmelikanyaga na viatu vyenye theluji, jambo ambalo Bibi hakuwahi kulikemea.

Kiwanda kilipofungwa alianza kuandika safu ya Kona ya Nyumbani katika gazeti la wilaya, kuanzia Machi 1974 hadi Desemba 2015, jumla ya makala 2,118, nimezihesabu. Huko ndiko alikowafundisha kuweka kioo mkabala na dirisha ili chumba cha baridi kipate mwanga mara mbili, kushona mapazia ya jikoni kwa magunia ya unga, kupaka ngazi rangi mbili ili wazee waone ukingo, na kutopaka kiti cha zamani rangi yoyote mpaka umekikalia wiki nzima. Mwaka 1974 pia alipeleka zulia dogo kwenye maonyesho ya wilaya, na hapa ndipo mahali nilipopataja, kwa sababu kitabu cha maonyesho kinasema alikuwa wa tatu, yeye alisema wa pili, nami nasoma wa pili. Wa kwanza alikuwa Bi Opal Tibbetts, ambaye Bibi alisema juu yake kwa miaka hamsini, "Opal ana macho mazuri, sikatai, ila mikono kaazima." Bibi alirudi nyumbani siku ile ya maonyesho akapaka upya ukumbi mzima kabla ya chakula cha jioni, na babu alikula amesimama. Nataja hili ili mjue kwamba wivu katika familia yetu sikuuleta mimi.

Mwezi Mei 2009 Bi Jolene Pelkey, mpishi wa shule yetu, alipanga nyumba ya jirani na Bibi, na wiki ya pili alibisha hodi kuuliza namna ya kukata pazia lisilopinda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na kiti kilichokuwa mkabala na cha Bibi kilikuwa changu. Bi Jolene alikaa hapo siku ile kwa sababu sikuwepo, akakaa siku nyingine nikiwepo, na mwaka 2016 nilipokwenda chuo kikuu, nikipiga simu kila Jumapili, nilikuwa nikisikia nyuma ya sauti ya Bibi mkasi wa mtu mwingine ukifanya kazi.

Dada yake Bibi, Lucille, alifariki tarehe 2 Februari 2021, na koti lake la buluu nilipewa mimi. Nililifanyia kazi siku nane, kila kipande inchi moja na nusu, nikapima kila kimoja mara mbili, nikashona kwa kukaza kwa sababu niliogopa kulegea, na nilipomaliza ukingo wa zulia ulikuwa umeinuka pande zote kama sahani ya supu. Kila asukaye zulia anajua kosa hilo, kwenye kona msuko unataka nafasi na mwenye hofu haupi. Bibi alisema tu, "Litalala." Niliporudi kumtembelea mwezi Mei lilikuwa limelala kweli, bapa kabisa, na nilipoligeuza niliona uzi wa kuunganishia si wangu, mafundo si yangu.

"Nani amefumua?" nilimuuliza.

"Jolene. Nilimwambia mimi."

"Ungeniambia ningerudia mwenyewe."

"Ungerudia vile vile, mama. Mkono wake hauna haraka. Wako unakimbia kama umefukuzwa na mbwa."

"Lilikuwa koti la Bibi Lucille. Mlinipa mimi."

"Zulia ni la kukanyagwa, Corinna, halipewi maksi."

Sikuongea na Bi Jolene mwaka mmoja na miezi miwili, na yeye aliendelea kunisalimia.

Tarehe 6 Agosti 2023 Bibi aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, miguu ikavimba, na kuanzia Aprili mwaka huu alilala sebuleni, kitanda chake kikiwa juu ya zulia. Jumapili tarehe 20 Oktoba aliniita na daftari, akanitajia haya yote ninayowasomea, na alipofika mwisho akasema koti lake la kijani, alilolinunua kiwandani mwaka 1966 na kulivaa majira ya baridi hamsini na nane, apewe Jolene alisuke.

"Na mimi?" nilimuuliza.

"Wewe utasoma."

"Kusoma kila mtu anaweza."

"Basi soma vizuri."

Niliandika kama alivyosema. Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 9 Novemba, saa nne na dakika kumi asubuhi, nyumbani, na mchana ule ule nilichukua koti lile kutoka kwenye ndoano nikaenda nalo kwangu, bila kumwambia mtu kwamba lilikuwa na mwenyewe. Jumatatu nilikata mkono wa kushoto, vipande sita, nikasuka na kushona kama futi mbili. Jumanne Bi Jolene alikuja na chungu cha maharage kwa ajili ya familia, akaona meza yangu kabla sijaifunika.

"Umeanza?" aliniuliza.

"Nimeanza."

"Linainuka?"

Lilikuwa linaonekana.

"Fumua mapema," alisema, "sufu ikizoea inakuwa mbishi." Akaweka maharage kwenye jiko, akaniambia yapashwe taratibu, akaondoka. Hakuuliza koti ni la nani, ingawa Bibi alikuwa amemwambia tangu mwezi Juni, hilo nimelijua jana kwa baba. Nilifumua usiku ule, na napenda mjue kwamba sikufumua kwa moyo mweupe.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomfuata nyumbani, hasa muuguzi aliyekuwa akivua viatu mlangoni, wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani, watatu waliobaki, mhariri wa gazeti, akina mama wa kanisa walioandaa chakula huko chini, na majirani wa barabara yetu waliosafisha theluji ya mapema bila kuombwa. Tunamshukuru Bi Jolene Pelkey, aliyemwosha Bibi nywele kila Ijumaa kwa miezi saba, kazi ambayo nilifikiri ni yangu na ambayo sikuwepo kuifanya.

Bi Jolene, koti lipo kwenye mfuko wa karatasi chini ya benchi la kwanza, upande wa kulia, na vipande sita vya mkono wa kushoto vimekunjwa juu yake. Nalisema hili mbele ya watu wote ili nisibadili nia kati ya hapa na ukumbi wa chakula. Nyumba ameniachia mimi, na zulia halitoki pale, kwa hiyo itabidi uje kwangu kulishona. Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa nimefungua mlango na kuwasha jiko. Kaa kiti unachokalia siku zote. Mimi nitakaa cha Bibi, na nitakuwa nakuangalia.

Bibi, nimesoma kadiri nilivyoweza. Upumzike kwa amani.