Sista Dafroza na Kiti cha Kando ya Barabara

Tarehe 30 Juni 2025, Muuguzi Dafroza Bitariho, ambaye hapa hospitalini hata mkurugenzi humwita Sista Dafroza tu, anatimiza miaka thelathini na saba ya kazi na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Wengine tulidhani sheria hiyo haitamwona. Wiki iliyopita tu pikipiki ya hospitali ilikwama kwenye tope huko juu Machame. Aliyesukuma ni yeye, aliyekuwa anahema ni dereva.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Salvina, kazi ya kumwandika, kwa sababu nimekaa naye chumba cha vidonda muda mrefu kuliko mtu yeyote. Wameniomba niwe mfupi na nisiseme mambo ya usaha, kwa kuwa watu watakuwa wanakula. Nitajitahidi.

Sista Dafroza si mtu wa mlimani. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa, kusini mwa Moshi, kwa wazazi waliotoka Kigoma kutafuta riziki. Nyumba za kambi zilishikana ukuta kwa ukuta, na mgeni akimaliza kuongea na wewe anatoka mlango huu anaingia ule wa pili. Alipomaliza chuo cha uuguzi akapangiwa hapa kwetu, akaolewa na Evaristo, seremala wa Njoro, na hajahama tena. Kichagga chake, baada ya miaka yote hii, kinaanzia kwenye mtori na kuishia kwenye kiburu. Yaani anajua kula.

Alianzia wodi ya upasuaji ya wanaume, na huko ndiko alikokutana na adui yake. Waswahili wanamwita kidonda ndugu, na jina linamfaa, kwa sababu akishahamia kwako hatoki. Sista aliwaona watu walewale wakirudi. Mtu analazwa, anasafishwa kidonda, kinaanza kupendeza, anaruhusiwa, familia inashukuru, na baada ya muda si mrefu unamkuta kitanda kilekile, mguu umevimba kuliko mwanzo. Wengine tulizoea. Tulikuwa tunawatania kwamba wamelipa pango. Yeye hakuzoea, na utani huo haukumchekesha.

Akaanza kusumbua wakubwa. Alisema kidonda kinaharibikia nyumbani, basi kifuatwe hukohuko nyumbani. Aliambiwa hakuna fungu, hakuna usafiri, hakuna watu. Akaomba mkoba tu. Siku za mwanzo alikwenda siku zake za mapumziko, kwa miguu na kwa magari ya watu, akiwafundisha wake na wakwe kuchemsha maji, kunawa mikono, kuosha kidonda taratibu na kukifunga bila kukibana ovyo. Alikuwa anapita soko la Kiboriloni kununua mashuka ya mitumba, anayachemsha, anayashonea mito ya kuegemezea miguu. Evaristo naye akageuzwa mtumishi wa hospitali bila barua ya ajira, akawa anachonga vigoda vya kuinulia mguu. Hadi leo mtu akimwagiza kabati, anauliza kwanza kama nyumbani kuna mgonjwa.

Wakubwa walipoona vitanda vinapungua watu, pikipiki ikapatikana. Huduma ya vidonda majumbani ikawa idara, na Sista akawa mkuu wake. Lakini mafanikio yana watu wengi wa kuyasimulia, na mkurugenzi atayasoma kwenye hotuba yake. Mimi nataka niwasimulie habari ya mguu mmoja, kwa sababu ulitaka kumshinda, na kwa sababu mwenye mguu ameniruhusu.

Mzee Eliufoo Nkya wa Machame ana sukari ya siku nyingi. Sukari ilishamtia ganzi kwenye nyayo, kwa hiyo siku alipokanyaga msumari shambani hakujua. Alitembea nao ndani ya kandambili mpaka mkewe, Bibi Elisifa, alipoona damu sakafuni. Kidonda kikajichimba chini ya unyayo. Alilazwa kwetu mara tatu. Mara ya tatu Daktari Filemon alikaa kitandani kwake akamweleza waziwazi kwamba mfupa bado mzima, lakini akirudi tena na usaha, mguu utakatwa. Mzee alijibu kwamba amesikia. Bibi Elisifa alitoka nje akaenda kulia kwenye korido, mimi nikamshika mkono.

Sista Dafroza akamchukua. Alipanga kila kitu. Sukari ilipimwa, ikawa nzuri. Maji yalichemshwa. Bandeji ilikuwa safi kama shuka la hotelini. Sharti lilikuwa moja tu kubwa, kwamba mzee asiukanyagie ule mguu; akae, auweke juu ya kigoda, apone. Na kila Sista alipofika alimkuta amekaa kama alivyomwacha, kofia kichwani, mguu juu ya kigoda cha Evaristo. Akisema shikamoo baba, anaitikiwa marahaba mwanangu, maziwa ya mgando yanaletwa, kazi inafanyika.

Na kidonda kikawa kinazidi. Kila akifungua bandeji anakuta kingo zimeng'olewa upya na uwazi umeongezeka. Sista akaanza kukosa usingizi, jambo ambalo Evaristo atawathibitishia. Akamshuku ng'ombe. Akadhani mzee anajiiba asubuhi kwenda kukata majani, akamuuliza Bibi Elisifa kwa sauti ambayo mimi ninaifahamu na siipendi. Bibi Elisifa akamwonyesha shingo yake mwenyewe, ilivyochubuliwa na mzigo wa majani, akamuuliza kama hiyo ni shingo ya mtu ambaye mumewe anakata majani. Sista akaomba radhi.

Tena akaona mama huyu anachoka, anahitaji msaada. Akashuka usharikani kwa Walutheri, yeye Mkatoliki, akamwomba mchungaji atangaze Jumapili kwamba Mzee Eliufoo ni mgonjwa na watu wamtembelee. Mchungaji akatangaza. Na watu wa Machame, jamani, ukiwaambia mtu anaumwa, wanakuja! Akinamama wa umoja wa usharika walikuja na ndizi, wanakwaya wakaja kuimba, wazee wenzake wa chama cha kahawa wakaja kukaa tu. Bibi Elisifa akawa haendi hata sokoni, kila kitu kinaletwa. Sista akafurahi sana kwa hilo. Mguu ukazidi kuoza.

Siku moja alimaliza kazi, akaaga, akapanda pikipiki. Walipofika chini kidogo akakumbuka kwamba amesahau mkasi. Akamwambia dereva ageuze. Kabla hawajafika kwa mzee, kwenye barabara kubwa, akamwona Mzee Eliufoo amesimama na kofia yake, amejiegemeza kwenye fimbo, anawapungia mkono akinamama wa umoja. Kutoka mlango wa nyumba yake hadi barabarani ni mteremko mrefu ndani ya kihamba, shamba lao la nyumbani, unapita katikati ya migomba na kuvuka mfereji. Ameushuka wote kwa miguu yake miwili, na bandeji iliyofungwa saa ileile imejaa tope.

Sista ananiambia kwamba hakuweza hata kufoka. Aliuliza tu ni mara ngapi. Mzee akashangaa swali, akasema ni kila wanapokuja wageni. Sista mwenyewe alikuwa amemkataza kumsindikiza, akamtii, kwa kuwa ni amri ya hospitali. Lakini wale wengine si hospitali, ni watu wa heshima waliotoka kwao kuja kumwona. Maumivu hana, ganzi imeshayachukua, kwa hiyo hakuona anachoharibu; na bandeji ikichafuka, Bibi Elisifa huibadilisha kama alivyofundishwa.

Na hapo Sista akaelewa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaleta wengi wao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa wageni walikuja kwa wingi, na kila mmoja alikuwa anaondoka na kipande cha mguu wa mwenyeji.

Alimsihi. Alimweleza habari ya mfupa, akamkumbusha alichosema Daktari Filemon. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo Sista analirudia mpaka leo: "Mgeni ukimwacha aondoke peke yake, umemfukuza. Mguu ukikatwa nitakuwa mlemavu. Nikifukuza watu, nitakuwa nani?"

Sista naye si wa kunyamaza. Akamjibu, "Baba, ukiendelea kuwasindikiza hawa, safari inayofuata mimi nitakusindikiza wewe chumba cha upasuaji."

Waliachana hivyo, kila mtu amenuna. Sista akarudi kazini na hasira zake, akazimalizia kwetu. Tulitoa ushauri wa kila aina. Mimi nilisema wageni wakatazwe, geti lifungwe. Akaniuliza nani atamfungia geti mwanakwaya aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani. Mwingine akasema Bibi Elisifa asindikize badala ya mumewe. Aliulizwa, akasema wageni wa mzee husindikizwa na mzee, yeye ana wageni wake.

Jibu lilimjia Sista akiwa Njoro anamwangalia Evaristo akipakia kiti cha mteja kwenye mkokoteni. Kama mzee hawezi kuacha kuwafikisha wageni barabarani, basi mzee ahamie barabarani. Akae hukohuko, pembeni mwa barabara, kwenye uzio wa masale pale njia ya kihamba inapoanzia, apokee wageni hapo. Wakiondoka, ameshawafikisha tangu asubuhi.

Alipopeleka wazo hilo Machame, Bibi Elisifa alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka. Alifikiri sana, akauliza kama uji na chai vitaletwa hukohuko. Alipohakikishiwa, akasema haoni ubaya. Evaristo akatengeneza kiti chenye sehemu ndefu ya kunyooshea mguu, wanakwaya wakasimamisha nguzo nne na bati juu. Kikabaki kikwazo cha kumshusha bila kukanyaga. Jirani yake, Wenseslaus, hupeleka maziwa kituoni kila asubuhi kwa toroli, akajitolea kumpakia. Mzee akagoma, akasema yeye si debe la maziwa. Ilibidi toroli lingine lisafishwe, litandikwe blanketi, na mchungaji aje kulisukuma siku ya kwanza kwa mikono yake, ndipo mzee akakubali kupanda. Jioni Wenseslaus alimrudisha juu.

Ndugu zangu, mzee alinawiri. Barabara nzima ilikuwa inamsalimu. Aliamua kesi za mipaka akiwa amenyoosha mguu. Watu waliokuwa wanakwenda mnadani walisimama kumpa habari na waliokuwa wanarudi walisimama kumpa bei. Wageni wakiaga, anainua fimbo, anawaombea safari njema, heshima yake imetimia na unyayo haujagusa ardhi. Sista alikuwa anamfunga kidonda hapohapo nyuma ya kipande cha kanga kilichotundikwa. Kikaanza kujaa nyama nyekundu kutoka chini. Kikawa kama sarafu, kisha kama punje ya kahawa. Daktari Filemon alipanda mwenyewe siku moja kuja kukiona, kwa sababu hakuamini maneno yetu. Alikigusa pembeni kwa kidole, halafu akaomba chai.

Toka hapo, muuguzi wetu akifika nyumba yoyote, kabla hajafungua mkoba anauliza kwanza ni nani huja hapa, na mwenyeji humfikisha wapi. Sisi tuliosoma vitabu vya vidonda tunajua kwamba swali hilo halimo. Kindness, anayerithi idara, ameshalizoea, na kwa mikono niliyoiona nina imani naye.

Nimalizie habari ya mzee. Siku moja Sista alipokuwa anapanda aliona kwa mbali kwamba kile kiti kimekaliwa na mtu ambaye si Eliufoo. Alidhani mzee ameshushwa usiku kwenda kukatwa mguu, bila yeye kuambiwa. Alipokaribia akakuta ni bibi mmoja jirani, Justina, amejifunika kitenge mpaka vidoleni na kuinamisha uso. Mzee Eliufoo alikuwa amesimama nyuma ya kiti kwa miguu yake yote miwili, amevaa viatu.

Bibi Justina alikuwa amekificha kidonda cha mguuni kwa miaka, kwa kuogopa kwamba akifika hospitali hatatoka na mguu. Alipita barabarani kila siku, akakitazama kidonda cha mwenzake kikipungua mbele ya macho yake. Mzee alifunua kitenge yeye mwenyewe, taratibu, akamwambia Sista, "Mimi nimemaliza. Mtazame na huyu."

Sista Dafroza akapiga magoti pale kando ya barabara, akafungua mkoba. Bibi Justina hakuwahi kulazwa hata siku moja.

Sista, tunakushukuru. Umetufundisha kunawa mikono vizuri na kuuliza maswali yasiyo vitabuni. Umetugombeza, na mara nyingi tulistahili. Mshukuru Evaristo kwa niaba yetu, mwambie sasa achonge kitanda chenu, maana tumesikia mnalalia kile cha harusi mpaka leo. Pumzika. Lala mpaka jua lichomoze, ule mtori usioupika wewe, ujifunze Kichagga kilichobaki. Mungu akupe afya na siku nyingi za heri. Na ukitukumbuka, njoo utusalimie wodini. Ukikuta vitanda vitupu usituonee huruma, mama. Hiyo ni kazi yako.