Mama Kasiva na Mbuzi wa Sura ya Mwisho

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupika, kupakua na kusukuma toroli katika wodi za hospitali yetu hapa Kibwezi, Bi. Mbithe Ndululu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Kasiva, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Ofisi imeniagiza niandike wasifu wake katika jarida letu, usizidi ukurasa mmoja, na uwe wa kuchangamsha. Ukurasa mmoja umenishinda tayari. Kuhusu kuchangamsha nitajaribu, lakini msinilaumu. Mimi ni mtunza stoo. Nimezoea kutoa kilichopo.

Alikuja kutoka kwao Kabati, Kitui, mwaka wa 1991, akaandikwa kibarua wa jikoni. Enzi hizo tulipikia kuni na moshi ulikuwa sehemu ya mshahara. Alipanda hadi akawa mkuu wa jikoni, na ndiye aliyesimamia kuingia kwa jiko la gesi, ingawa mwezi wa kwanza alilinunia akisema muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ukipikwa kwa gesi hauna adabu. Miaka ya ukame, maharagwe yakiadimika sokoni, sikumbuki hata siku moja mgonjwa aliyelala njaa kwenye zamu yake. Hayo yako katika faili yake na mnaweza kuyasoma huko. Mimi nataka kuandika juu ya vitabu.

Kitabu chake cha kwanza hapa kilimponza. Alikuwa akikoroga uji kwa mkono mmoja na kushika riwaya kwa mwingine, uji ukaungua, na harufu ikafika hadi kwa metroni. Metroni wa wakati huo alikuwa mama mkali, marehemu sasa. Alimnyang'anya riwaya, akampa onyo, akaondoka nayo. Wiki nzima ikapita. Kisha akarudi jikoni, akaiweka mezani na kuuliza, uso umekaza vilevile, kama mwandishi huyo ana nyingine.

Hapo ndipo rafu ya chini ya toroli ilipopata kazi. Juu zilikaa birika na vikombe, chini riwaya: zilizotolewa na wageni, zilizosahaulika na wagonjwa, zilizookotwa soko la Emali kwenye mitumba, nyingi zikiwa hazina jalada. Mgonjwa aliyeletewa chai aliulizwa mambo mawili, sukari kiasi gani na anapenda hadithi za namna gani. Wakati wa korona, vitabu vilipokatazwa kupita mkono kwa mkono, alisimama mlangoni na barakoa yake akawasimulia kwa sauti ya juu, wodi nzima ikasikiliza.

Sisi wafanyakazi wasomaji tulikutana chai ya saa nne nyuma ya jikoni, penye matangi ya maji. Tulikuwa wachache: Mama Kasiva, Mzee Faki wa eksirei, Kisilu dereva wa ambulansi kabla hajahamia mji wa Wote, na mimi. Waandishi tuliwapa majina yetu wenyewe. Kulikuwa na Mzee Mawingu, ambaye hadithi zake hazianzi kabla mvua haijanyesha. Kulikuwa na Bwana Bastola, kipenzi changu, na sioni haya kusema. Na kulikuwa na Bi Msiba, mwanamke wa Pwani aliyetoa riwaya tatu, zote za majonzi, kisha akanyamaza kabisa. Huyo, Mama Kasiva na Mzee Faki walimpenda kupita kiasi, na mimi walinicheka kwa kutomvumilia.

Tulikuwa pia na mizani yetu ya kupendekeza kitabu. Hukuruhusiwa kusema ni kizuri. Ulipaswa kusema kimekuunguzia nini. Riwaya nyepesi ilikuwa ya maziwa, maana maziwa humwagika hata ukigeuka kidogo tu. Riwaya kubwa ilikuwa ya maharagwe, maana ili uunguze maharagwe lazima uwe umepotea nusu ya asubuhi. Na mwiko wetu ulikuwa mmoja, kumsimulia mwenzako mwisho.

Basi Mama Kasiva aliuvunja mwiko huo, tena waziwazi, na kwa miaka mingi. Ukweli huo lazima niuandike, maana bila huo simjui ninayemwandikia.

Riwaya yenyewe ni ya tatu ya Bi Msiba. Inamhusu mshonaji mgonjwa anayemshonea mwanawe koti. Mwana yuko ng'ambo, ametuma habari kwamba anakuja. Mama anashona na kungoja, anangoja na kushona. Katika sura ya mwisho anafariki, na kijana anafika siku mbili baadaye akakuta koti lina mkono mmoja. Ni kitabu cha maharagwe, hata mimi nakiri.

Wakati huo tulikuwa na mgonjwa aitwaye Kanini, mwalimu, bado kijana, ambaye ugonjwa wake haukuwa na dawa. Alikimaliza kitabu hicho asubuhi moja, akageukia ukuta. Chai aliiacha, chakula cha mchana akakiacha, na siku chache baadaye akafariki. Daktari alieleza kwamba kitabu hakikuhusika, na nadhani alisema kweli. Mama Kasiva hakusadiki. Alikaa jikoni, akang'oa sura ya mwisho yote, akaitia ndani ya mkebe wa majani ya chai na kuuweka juu kabatini.

Tangu hapo kila mgonjwa aliyefika penye ukingo ulioraruka aliuliza, na Mama Kasiva aliegemea toroli yake na kusimulia. Kijana alifika kwa wakati. Koti lilimkaa sawasawa. Mgonjwa mmoja akauliza walikula nini siku hiyo, Mama Kasiva akaongeza mbuzi. Mwingine akamwonea huruma yule mbuzi, basi hakuchinjwa tena. Alifungwa mlangoni, akakata kamba, akaingia ndani na kula vifungo vya koti, na mshonaji akacheka mpaka akapona. Mwaka hadi mwaka mbuzi alizidi kunenepa. Wapo watu kutoka hapa hadi Mutomo wanaojua riwaya ya mbuzi mla vifungo ambayo hakuna aliyeiandika.

Mzee Faki alipogundua alikasirika kwelikweli. Alikuwa mtu mpole wa Kitui mjini, wazee wake walitoka Pwani zamani kwa biashara, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti ila siku hiyo penye matangi.

"Mama Kasiva, hiyo ni kuibia watu," alimwambia. "Huyo mama aliandika akamaliza. Wagonjwa si watoto, wacha wajue vile iliisha."

"Wewe unapiga mifupa picha, mifupa hailii," Mama Kasiva akamjibu. "Mwenye anaingia huko asubuhi na uji ni mimi. Nikute mwingine amegeukia ukuta nimwambie nini?"

Msimu mzima wa mvua hawakusemezana. Riwaya zao zilipitia stoo kwangu kama barua za watu waliotalikiana, kila mmoja akiniuliza mwenzake amesemaje juu ya hii. Walipatana mwishowe, lakini juu ya sura ile hakuna aliyekubali kushindwa.

Mwaka jana Mzee Faki, akiwa amestaafu, alilazwa kwetu. Picha zake za eksirei alizisoma mwenyewe, hakuna daktari ambaye angeweza kumficha. Mwanawe, Fahim, alikuwa kazini Doha akihangaikia ruhusa na tiketi. Kila siku mzee aliuliza ndege ya Doha huingia saa ngapi. Alitaka riwaya ya mshonaji iwe chini ya mto wake, na tukampelekea.

Nilikuwepo alasiri ile. Mama Kasiva alikuja na toroli, akamimina chai ambayo sote tulijua hatainywa. Mzee akagusa kitabu, akasema, "Nisimulie vile inaisha."

"Wewe unaijua."

"Naijua ya kwake. Nataka ile yako."

Akaegemea toroli, akamsimulia. Hakuruka kitu. Kijana akafika, koti likamkaa. Mbuzi alipokata kamba Mzee Faki alicheka, kicheko kidogo cha kifuani, akasema huo ni upuuzi mtupu, akamwambia arudie hapo penye vifungo. Akarudia. Kesho yake adhuhuri mzee akafariki, na kwa desturi ya Waislamu hakucheleweshwa; jua lilipochomoza tena alikuwa njiani kwenda Kitui, akazikwa siku hiyohiyo. Fahim alitua Nairobi siku iliyofuata. Alikuta kaburi na jamaa wakikunja mikeka.

Baada ya matanga Fahim alikuja Kibwezi kurudisha kitabu, kwa kuwa kilikuwa na muhuri wa hospitali na kilifungashwa pamoja na miwani ya babake kimakosa. Nilikuwa jikoni nikipima maharagwe. Alikishika mkononi, kidole kikiwa penye ukingo ulioraruka.

"Shikamoo, mama. Nimesoma nikafika hapa penye imekatika. Huyo kijana alifika?"

Nilijua nitamsikia mbuzi. Niliinamia gunia langu nikamngoja. Sufuria ikaanza kufurika, na Mama Kasiva hakuigusa. Kisha akafuta mikono kwa leso, akapanda kwenye stuli, akateremsha mkebe wa majani ya chai, akampa zile kurasa.

Fahim alizisoma akiwa amesimama penye matangi, hakukaa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema kwamba pale nyumbani kila mtu alikuwa akimwambia baba alilala tu kwa amani, hakumuulizia mtu, asijisumbue. "Hii ndio kitu ya kwanza mtu ameniambia vile iko," alisema. Kisha akauliza, "Baba aliniulizia?"

"Alikuulizia," Mama Kasiva akamjibu. "Kila siku."

Alipoondoka, Mama Kasiva alikuja stoo kuomba gundi. Sikuwa na nyingine ila ya mbao, na ndiyo maana kitabu kile hakifungiki vizuri hata leo. Sura ya mwisho imekakamaa. Alipokuwa akibandika aliniambia bila kuinua kichwa, "Jonah, nimedanganya watu wakifa."

Tangu siku hiyo hajaegemea toroli. Chai inakuja, vitabu viko chini, sukari anauliza, hadithi haulizi. Wauguzi wapya wanadhani ni mama mnyamavu kwa asili. Na sasa anarudi Kabati, kwenye nyumba ambayo mumewe hayupo tena. Mwanawe, Kasiva, yuko Eldoret. Huja Desemba, na Desemba nyingine haji. Nilimuuliza huko atabadilishana vitabu na nani, akasema hajui msomaji hata mmoja. Akasema pia kwamba haogopi uzee wala upweke, anaogopa tu kufika mahali ambapo hakuna atakayemuuliza inaishaje. Nami nilitafuta la kumjibu na stoo yangu ilikuwa tupu.

Nimelifikiria jibu tangu siku hiyo. Mama Kasiva anaamini Fahim alimwonyesha kwamba alikosea miaka yote. Mimi siamini hivyo. Fahim alihitaji kurasa zile na alipewa. Lakini babake, mtu aliyeijua sura ile kwa moyo na aliyeitetea kwa ukali penye matangi, siku yake ilipofika aliomba mbuzi, tena akaomba arudiwe. Nilikuwa kando ya kitanda pale. Nilikiona kicheko. Hilo halikuwa jambo la kuombea radhi, na kama nina ujumbe mmoja katika wasifu huu mrefu ni huo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote nakushukuru, Mama Kasiva, kwa uji, kwa muthokoi, na kwa rafu ya chini. Mimi binafsi nitakosa mtu wa kumwambia kitabu kimeniunguzia nini, na hilo linaniuma kuliko nilivyotaka kulionyesha katika jarida. Desturi inanitaka sasa nikutakie maisha mema na kumaliza. Lakini tumefika penye ukingo ulioraruka, kalamu iko kwangu, na najua ungeuliza. Basi niruhusu niegemee toroli.

Utafika Kabati tarehe mosi Julai, na mvua itakuwa ikinyesha, jambo ambalo Julai ya Kabati haijapata kuona. Kasiva atakuwa amefika kabla yako, amewasha moto. Kabla hujavua viatu, jirani usiyemjua atabisha hodi, maji yakimchuruzika, akuulize kama ni kweli una vitabu. Utamwambia aketi. Mtazungumza juu ya Bi Msiba mpaka maharagwe yaungue, na hakuna atakayejali. Halafu mtasikia kishindo nje, mfungue mlango mtazame, mwaitu, mama yetu, naye atakuwa amesimama hapo na kipande cha kamba shingoni, akitafuna kifungo.