Pembe Chini ya Mafiga ya Mama

Bwana mwenyekiti, na nyie wote wa kikundi chetu cha kuzikana, nawasalimu. Sala ya kufungua mmeomba, mimi nimekaa kimya, na mmeniona. Msigune. Nitafika huko. Nimeomba niseme kabla ya ajenda ya leo kwa sababu ajenda ya leo ni mama yangu, ingawa hakuna aliyethubutu kumtaja. Mnataka tuchange ili lambalamba waitwe tena, waje kufichua wachawi. Ndama wamekufa kule kwa wafugaji, na mama yangu amerudi kijijini mwezi huu huu. Mnadhani sijui kujumlisha?

Nimekasirika. Nasema mapema, asije mtu akadai nilijifanya mpole.

Siku ile mnaikumbuka. Majina sitaji, mnajijua. Lambalamba walipokuja mara ya kwanza, kila nyumba ilitoa maharage na kuku. Mama akakataa. Akasema, "Nyumba yangu naifagia mwenyewe kila asubuhi. Mle ndani kuna nini nisichokijua?" Mkasema asiyechanga ana analoficha. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni mbichi, nimeyakuta hivyo tangu niko mdogo, nyie mkasema hayo ndiyo macho ya mchawi. Mkaingia nao na majembe, mkang'oa mafiga. Yule mkubwa wao mwenye koti refu akazamisha mkono shimoni, akatoa pembe iliyofungwa kitambaa chekundu. Kijiji kizima kiliona. Na mimi niliona. Mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye mama alimpikia miaka yote, akainua mikono juu: "Mungu amefichua!"

Mliyoyafanya baada ya hapo siyarudii. Paa liliungua. Mama aliokolewa na jirani mmoja aliyemficha kwenye kihenge cha mahindi mpaka nikapata bodaboda ya kumtelemsha Mpanda.

Nikapanga chumba mtaa wa Kashaulili, huko huko Mpanda, nikawa nauza dagaa sokoni. Mama anashinda ndani, mlango umefungwa, jua halioni. Jiko hawashi. Akiona mafiga anatetemeka. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipomwacha Mungu. Tena sikumwacha kwa hoja, nisiwadanganye. Nilimwacha kwa hasira, kama mtu anavyoondoka kwenye nyumba aliyotukanwa. Hoja zilikuja baadaye, na nyingi nilizipata kwa kaka mmoja fundi simu ambaye kibanda chake kilikuwa jirani na meza yangu.

Kaka yule haamini Mungu na hafichi. Alikuwa ananiambia, "Dada, mtu mwenye akili hakubali kitu mpaka akifikirie mwenyewe. Na hakubali kitu ambacho hajakiona kwa macho." Kumkana Mungu, kutumia akili, kuamini macho: kwake huo ulikuwa mzigo mmoja wa kuni, umeshafungwa kamba. Ukimkana Mungu basi na akili umeshapata, na macho yamefunguka. Maneno yake yalinipa nafuu, sikatai. Nilikuwa nayasubiri kila asubuhi.

Siku moja nikamsimulia ya mama. Akaweka bisibisi chini, akafikiri kweli kweli. Akasema, "Pole sana, dada. Uchawi haupo, hilo ondoa shaka. Lakini pembe si mliiona wote? Mimi nasimama na macho. Labda mama alikuwa na mambo yake ya kienyeji pale, akaona aibu kusema."

Nilitamani nimmwagie sinia zima la dagaa! Mtu hana Mungu, anajisifia akili, anajisifia macho, halafu kafika palepale alipofika mzee wa kanisa. Na kilichoniuma zaidi, maneno yake yaliniingia. Nikaanza kumtazama mama yangu mwenyewe. Akikunja kanga, namtazama. Akiongea peke yake, nategesha sikio. Nyie mnadhani nilianguka siku nilipoacha kanisa. Hapana. Nilianguka pale, nilipomwogopa mama aliyenizaa. Mlinifanyia hivyo nyie.

Sasa sikilizeni. Shangazi yangu, wifi yake mama, anaimba kwaya kijiji kingine na ibada hakosi hata mvua inyeshe vipi. Akaja Mpanda, akaniambia, "Lambalamba wanakuja kwetu. Panda pikipiki twende, nataka uone." Nikaenda. Nikamkuta yule yule mwenye koti refu, majembe yako tayari, watu wamejaa. Shangazi akasimama mbele yake.

"Kule kwa wifi yangu watu wote waliona pembe ikitoka. Nani aliiona ikiingia?"

Watu wakageukiana.

"Basi kabla hujachimba, vua koti. Nguo tutakupa sisi. Wanaume watakupekua hapo nyuma ya ua."

Jamaa akafoka, "Mkinigusa dawa inakufa!"

"Na ife," shangazi akasema. "Tutaizika. Vua!"

Walimvua. Kwenye pindo la koti, ndani, kulikuwa na pembe tatu. Zimefungwa kitambaa chekundu, na udongo zimeshapakwa. Udongo, jamani! Wameshazipaka udongo kabla jembe halijagusa ardhi! Nilikaa chini nikalia kwa hasira.

Nikamuuliza shangazi, "Ni Mungu aliyekwambia upekue?" Akanijibu, "Mungu kanipa kichwa na mikono. Wewe unasema hayupo, haya, tutabishana shambani, maharage yanataka palizi."

Ndugu zangu, kanisani sijarudi, na siamini mpaka leo. Lakini hata ningemkana Mungu miaka mia, zile pembe zisingetoka kwenye pindo. Zimetoka kwa sababu mtu aliuliza, halafu akapekua. Fundi simu alifikiri vizuri, lakini hakwenda kuangalia. Nyie mliangalia, macho yote haya, na hakuna kichwa kimoja kilichouliza. Kichwa na macho, ukiwa na kimoja bila kingine, unachoma nyumba ya mtu. Na havigawiwi kwa dini, wala havigawiwi kwa kukosa dini. Aliyekuwa navyo vyote viwili siku ile ni mwanakwaya.

Nilirudi Kashaulili nikamweleza mama. Aliinuka, akapanga mafiga, akawasha moto, akasonga ugali. Tulikula mlango ukiwa wazi.

Nashukuru. Namshukuru shangazi na akina mama wa kwaya yake. Namshukuru jirani wa kihenge, yuko humu ndani na anaogopa kutazamwa, kwa hiyo simtazami. Hata fundi simu namshukuru, maana nilipomweleza ya koti alisema, "Nilikosea, dada," na katika kijiji hiki neno hilo sijalisikia kwa mtu yeyote. Nilikuja leo nikidhani nitalisikia.

Haya, mwenyekiti, pigeni kura yenu. Mkiwaita, mimi sitazuia. Tena waanze na nyumba ya mama yangu, niliyoiezeka upya mwezi huu, mlango nitawafungulia mwenyewe. Lakini wataingia wamevaa nguo nitakazowapa mimi, mikono mitupu, na yule mzee wa kanisa ndiye atakayewapekua. Wakichimba wakakosa, shimo mtalifukia nyie, na mafiga mtayarudisha nyie, kwa mikono ile ile iliyoyang'oa.

Mama yuko pale nje, amesimama tangu tulipoanza. Nani atampa kiti?