Simu Inayolala Kazini

Benchi la Jumaa muuza kahawa linatazamana na godauni la unga, Changamwe, malori yakipita na vumbi lao bila haya. Wapakiaji hukaa hapo kungoja ujumbe wa programu ya kazi kwenye simu: kumi wa kwanza kujibu ndio wanaopata kazi ya siku. Ngowa, ambaye kijiwe humwita Mzee Chaji kwa vile haachi kuipima simu yake, amekosa siku ya nne mfululizo, na nyumbani mkewe ameanza kupima unga kwa kijiko. Leo roho ilimchoma kwelikweli.

— Wenzangu wapata ujumbe saa mbili kamili. Mimi waniingia saa mbili na dakika sita!

— Umerogwa, akasema Tinga, mpakiaji mwenziwe. Kuna mtu kaifunga simu yako kwa uzi mwekundu.

— Uzi gani? Ni mnara, akadakia Jumaa. Umeelekea Likoni. Habari zako zapanda feri kwanza ndipo zije huku.

— Zapanga foleni na magari? Ngowa akauliza.

— Wallahi! Na mle kwenye feri mna jini lipendalo kusoma barua za watu. Lasoma polepole, halikwenda shule.

Faiz, fundi simu wa kibanda cha pili, aliichukua simu akaibonyezabonyeza.

— Umewasha kubana chaji. Humu ndani mna mfumo unaopanga nani aamke lini. Programu yako ya kazi yataka iamshwe kila dakika, ikatazame ujumbe. Mfumo wasema: subiri, waje na wengine, niwaamshe wote kwa mpigo. Kule kuamka ndiko kulako chaji.

— Kama mimi, akasema Jumaa. Siinuki kumimina kikombe kimoja. Mpaka wafike wanne.

— Ndiyo maana huninywesha ya baridi! Tinga akalalama.

— Nikuzimie huko kubana chaji, programu iamke kwa wakati? Faiz akauliza.

Ngowa akampokonya simu.

— Usiguse! Nimehangaika kuilea hii.

Hapo Salha, aliyepita akiuza viazi karai vya kukaanga kwa mara ya kwanza mtaani, akatua beseni lake.

— Kaka, jioni yabaki na chaji ngapi?

— Themanini kwa mia! Ngowa akatanua kifua. Kijiwe kizima hakuna anifikiaye.

— Na hizo themanini, nyumbani mwazipika vipi?

Tinga alikohoa. Jumaa akajitia kulifuta birika. Ngowa aliona aibu hadi masikio yakamwasha, kisha akamnyooshea Faiz simu.